Simu Yako Inaisha Lini? Uliza Tarehe Kabla Hujatoa Pesa

Leo tunaacha kidogo habari za viwango vya riali na dola. Tunataka tuzungumze kuhusu kitu ulichokishika mkononi sasa hivi unaposoma hapa. Ndiyo, simu yako.

Ijumaa moja jioni dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alitutumia ujumbe wa sauti. Mshahara ulikuwa umeingia, siku yenyewe ndiyo ya mapumziko, na kule Tanga mtoto wake alikuwa anasubiri ada ili Jumatatu aingie darasani. Akafungua programu anayotumia kutuma pesa kila mwezi. Badala ya pale pa kuandika kiasi, likamjia tangazo: toleo hili halitumiki tena, tafadhali sasisha. Akabonyeza kusasisha. Duka la programu likamjibu kwamba simu yake haiwezi kupokea toleo jipya. Akarudi nyuma, akabonyeza tena. Jibu lile lile.

"Simu nzima kabisa hii," alituambia. "Kioo hakina hata ufa, chaji inakaa. Nimeinunua miezi minne tu iliyopita."

Alikuwa ameinunua Ruwi kwa riali 18. Simu ya mtumba, modeli iliyotoka mwaka 2015, enzi zake ilikuwa simu ya mabosi. Muuzaji hakumdanganya kuhusu kamera wala betri. Kitu kimoja tu hakikusemwa na muuzaji, na dada yetu hakukiuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinaulizwa: simu hii inaisha lini?

Ujumbe wake ulituuliza swali jingine mwishoni. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp alikuwa amemrushia faili la programu ile ile, akamwambia, "Weka hili, linakubali simu zote." Je, aliweke?

Sisi tuliusikiliza ujumbe ule Jumamosi asubuhi. Tulipompigia, alikuwa ameshaliweka tangu usiku. Lilimwomba ruhusa ya kusoma SMS, akakubali. Likamwomba namba ya siri, akaandika. Kabla ya alfajiri riali 95 zilikuwa zimetoka kwenye salio lake. Ada ya mtoto ililipwa wiki iliyofuata, kwa mkopo wa rafiki.

Dada huyo ametuomba tusimtaje jina, lakini alitaka tuisimulie habari hii. Na sisi tumeona tuisimulie kama wahasibu, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo wengi wetu hatuifanyi.

Simu ina umri wa aina mbili

Kwenye uhasibu kuna neno uchakavu. Ukinunua mashine ya kuchanganyia zege, haibaki na thamani ile ile kila mwaka. Inachakaa, na mhasibu anaandika uchakavu huo kwenye vitabu hata kama mashine bado inazunguka.

Simu nayo inachakaa, lakini kwa njia mbili. Kuna umri wa mwili: kioo, betri, tundu la chaji. Huo unauona kwa macho, na fundi anaweza kuurefusha. Halafu kuna umri wa mfumo, yaani ile programu kubwa inayoendesha simu yote, iwe Android au ya iPhone. Huo hauonekani, na fundi wa mtaani hawezi kuurefusha kwa njia ambayo benki itaiamini.

Mfumo wa simu ni kama nyumba yenye milango mingi. Kila mwezi watu hugundua tundu jipya ukutani ambalo mwizi anaweza kupita. Kampuni iliyotengeneza simu hutuma kiraka cha kuziba tundu hilo. Kiraka hicho ndicho kinachoitwa sasisho la usalama. Ikifika siku kampuni ikasema modeli hii basi, viraka havitumwi tena. Matundu mapya yanaendelea kugunduliwa, na nyumba inabaki wazi.

Kwa hiyo benki na kampuni za kutuma pesa huweka mpaka: mfumo ulio chini ya toleo fulani hatuufanyii kazi. Sio wao peke yao. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Tarehe 5 Mei 2025 ikaziacha pia iPhone zisizofika toleo la 15.1 la mfumo wake, na hapo ndipo iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus zilipobaki nje. Kama WhatsApp, ambayo inataka kila mtu duniani awe ndani, inafunga mlango, programu ya pesa itafunga mapema zaidi.

Na utegemezi wetu kwenye simu unazidi kukua. Mwaka 2025 benki za Imarati zilianza kuacha kutuma namba za uthibitisho kwa SMS na kuhamishia uthibitisho huo ndani ya programu ya benki yenyewe. Kwa upande wa wizi hilo ni jambo zuri, maana SMS inaibika. Lakini fikiria maana yake kwa mwenye simu iliyoisha: zamani programu ikigoma, SMS ilikuwa inaingia. Sasa programu ikigoma, na uthibitisho haupo.

Maziwa yana tarehe, simu je?

Ukienda dukani kununua maziwa, unageuza pakiti, unasoma tarehe. Imebaki siku moja? Unarudisha au unaomba upunguziwe. Hakuna anayekushangaa. Sasa simu ya riali 30, au dirhamu 300, au pauni 80, unainunua bila kugeuza chochote.

Tarehe ipo. Ila mara nyingi haijaandikwa kwenye boksi.

Uingereza wameliona hili. Kuna sheria yao ya usalama wa bidhaa zinazounganishwa na intaneti, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024. Inamlazimu mtengenezaji wa simu kutangaza wazi ni mpaka tarehe gani, kwa uchache, atatuma masasisho ya usalama. Akishatangaza, haruhusiwi kuifupisha tarehe hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka modeli mpya za simu zinazoingizwa sokoni kwao zipewe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 tangu mtengenezaji alipoacha kuziuza modeli hizo, na vipuri vipatikane kwa miaka 7.

Utasema, mimi niko Ruwi au Batha, sheria ya London inanihusu nini? Inakuhusu, kwa sababu mtengenezaji akishalazimishwa kuandika tarehe kwa ajili ya mteja wa London, wewe pia unaweza kuisoma bure. Andika kwenye intaneti jina kamili la modeli pamoja na maneno "security updates", kisha fungua ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, sio wa muuzaji. Angalia na namba ya modeli iwe sawa na ile ya nyuma ya simu au kwenye mipangilio, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na matoleo tofauti kwa nchi tofauti.

Mifano miwili. Samsung Galaxy A16, simu ya bei ya kati iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 6. Yaani inafika mwaka 2030. Galaxy S9, iliyotoka 2018 ikiwa simu ya gharama kubwa, ilifikia mwisho wa masasisho mwaka 2022. Ukiziweka mezani pamoja, S9 inaweza kukuvutia zaidi kwa umbo. Lakini kwa kazi yetu sisi ya kutuma pesa, moja iko hai na nyingine ilishazikwa kitambo.

Hapa kuna mtego ambao hata wasomi wanaanguka. Mara nyingi miaka inahesabiwa tangu modeli ilipotoka duniani, sio tangu siku wewe uliyoinunua. Simu iliyoahidiwa miaka 4, ukiinunua mpya kabisa kwenye boksi lake miaka 3 baada ya kutoka, imebakiza mwaka mmoja. Ile karatasi ya nailoni iliyofungwa vizuri haiongezi hata siku.

Hesabu ya riali kwa mwezi

Sasa tufanye hesabu. Bei tunazotaja hapa ni za mfano. Wewe weka za dukani kwako. Kanuni ni moja: chukua bei, gawa kwa miezi iliyobaki mpaka tarehe ya mwisho ya masasisho. Jibu ndilo bei halisi ya simu kwa mwezi.

Simu ya kwanza ni mtumba, riali 30, imebakiza miezi 12. Gawa: riali 2 na baisa 500 kwa mwezi.

Simu ya pili ni mpya, riali 54. Iliahidiwa miaka 6, ilitoka mwaka mmoja uliopita, kwa hiyo imebakiza miezi 60. Gawa: baisa 900 kwa mwezi.

Simu ya tatu ni mtumba vilevile, riali 36, lakini imebakiza miezi 36. Gawa: riali 1 kwa mwezi.

Umeona? Mtumba sio ubaya. Ile ya tatu ni mtumba na iko karibu sawa na mpya. Ubaya ni mtumba uliokwisha. Ile ya kwanza, ukitaka ikufikishe miaka 5, itabidi ununue simu za namna hiyo 5, jumla riali 150, wakati mpya ingekuchukua kwa riali 54. Tofauti ni riali 96. Kwa mfanyakazi wa ndani au saidia fundi, hiyo sio hela ya kuchezea.

Na ile simu ya dada yetu? Riali 18, imebakiza miezi sifuri. Hapo hesabu inagoma, maana huwezi kugawa kwa sifuri. Muuzaji aliita bei rahisi. Ukijumlisha riali 18 za simu na 95 zilizoibwa, ni riali 113.

Ushauri wetu wa akiba ni huu: fungua mfuko wa simu. Kila mwezi ukipokea mshahara weka pembeni riali 1, au dirhamu 10, au chochote kinacholingana na bei ya simu unayoitaka. Usisubiri programu igome ndipo utafute pesa, kwa sababu mtu aliyebanwa hununua chochote kilicho mbele yake. Riali 1 kwa mwezi kwa miaka 5 ni riali 60, na hiyo ni simu mpya kwenye mfano wetu wa pili, chenji inabaki.

Na sisi tulikosea

Msituone tunaandika hivi mkadhani tulizaliwa tunajua. Miaka michache nyuma tulimtumia mama yetu mzazi nyumbani simu ya mtumba. Kabla ya hapo mama alikuwa na kitochi chake, kile cha vitufe, na pesa aliipokea bila shida: ujumbe unaingia, anapiga *150*00# kwenye laini yake, anaangalia salio, anakwenda kwa wakala. Tukamwambia, mama, hii ya kisasa. Tukamwekea programu ya benki, tukahamishia na akiba yake huko, tukajisifu.

Haikupita mwaka, ile programu ikamkatalia. Mama akafunga safari ya saa tatu kwenda tawini, akaambiwa simu yako ya zamani, nunua nyingine. Alipotupigia hakulalamika. Alisema tu, "Wanangu, kile kitochi changu mlikitupa?"

Tulijifunza mambo mawili. Kwanza, aliye nyumbani anayepokea pesa kwa menyu ya laini hahitaji simu kubwa. Kitochi hakisubiri programu isasishwe, na betri yake inakaa siku kadhaa. Kama mama yako anapokea vizuri, usimhamishe kwa sababu ya fasheni. Pili, simu iliyoisha usiitume nyumbani kama zawadi ya kufanyia mambo ya pesa. Ya kuangalia picha za wajukuu, sawa, lakini ifute kwanza kila kitu chako na usiweke programu ya benki. Tusifanye nyumbani kuwa jalala la simu tulizozichoka.

Tena wa Tanzania mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016, siku TCRA ilipozima simu bandia. Watu walilala na simu, wakaamka na kioo. Kwa hiyo ukinunua simu huku ya kupeleka Tanzania, piga *#06#, andika ile namba ya tarakimu 15 inayotokea, na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Zisipolingana, iache kwenye meza ya muuzaji.

Programu ikigoma, fanya hivi

Siku ya mapumziko ni moja, na pengine huna hata hiyo moja. Ndiyo maana mtu anababaika na kubonyeza chochote. Tumeandika hatua hizi ili uzisome leo ukiwa umetulia.

La kwanza kabisa: pesa haikai ndani ya simu. Simu ni dirisha tu. Salio lako limeandikwa kwenye vitabu vya kampuni, na kwa lugha ya uhasibu ni deni lao kwako. Simu ikifa, ikiibwa, ikizama kwenye ndoo ya maji ya kudekia, deni liko pale pale. Kwa wa Uingereza, kanuni za pesa za kielektroniki za mwaka 2011 zinasema wazi kwamba mwenye salio anaweza kulidai wakati wowote, kwa thamani yake kamili. Kwa hiyo usibabaike.

La pili: usiweke faili la programu lililotumwa kwa WhatsApp, Telegram au linki yoyote. Kama duka rasmi la programu limekataa, hakuna faili la rafiki litakaloitibu simu yako. Hata rafiki mwenyewe pengine hajui kilichomo, naye amerushiwa. Na programu ya kutuma pesa ikikuomba kusoma SMS zako zote au kuitawala skrini yako, jiulize inataka nini huko.

La tatu: tumia dirisha la watu. Nenda kwenye tawi la kutuma pesa na bataka yako, au ikama, au pasipoti. Huwezi kutoka? Piga namba iliyoko kwenye kadi yako au kwenye risiti ya zamani. Usipige namba uliyopewa kwenye kundi. Waeleze simu imegoma, uliza njia nyingine ya kutuma kwa leo.

La nne: usiingize akaunti yako kwenye simu ya bosi au ya mwenzako wa chumbani. Tunajua inatokea, na nia ni njema. Lakini ukiondoka, akaunti inabaki imefunguka kule, na siku zikigeuka huna ushahidi wa nani alibonyeza.

La tano, na hili wengi wameshikwa nalo: angalia barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti yako ni ya nani. Mara nyingi kijana wa duka la simu ndiye aliyekufungulia, akaweka barua pepe aliyoitengeneza yeye, na neno la siri analijua yeye. Ukihamia simu mpya, kampuni inatuma uthibitisho kule, na wewe huna ufunguo. Wiki hii, simu ikiwa bado inafanya kazi, badilisha. Weka barua pepe yako na namba yako mwenyewe, andika kwenye daftari namba yako ya mteja, na utunze risiti zako.

La sita, kama faili ulishaliweka kabla ya kusoma hapa: weka simu kwenye hali ya ndege saa hiyo hiyo ili ikate intaneti. Chukua simu ya mtu, ipigie kampuni, waambie wafunge akaunti. Andika saa uliyopiga na jina la uliyeongea naye. Neno la siri libadilishe kwa kutumia simu nyingine, sio hiyo. Kisha uifute simu yote. Usione aibu. Aibu ndiyo inampa mwizi nafasi ya kumalizia.

Ukiona kampuni inakuzungusha, malalamiko yako yaandike, usiishie kuongea. Wasipojibu, Oman kuna Benki Kuu inayotoa leseni kwa maduka ya kutuma pesa. Imarati kuna Sanadak kwa malalamiko ya benki na fedha. Uingereza kuna Financial Ombudsman Service, ambayo haimtozi mlalamikaji hata senti. Kama ugomvi ni na muuzaji wa simu Oman, kuna Mamlaka ya Kulinda Walaji. Wote hao watakuuliza risiti. Kwa hiyo hata simu ya mtumba, dai risiti yenye jina la modeli na ile namba ya tarakimu 15. Muuzaji akikataa kuandika, ameshakujibu.

Lawama ni ya nani?

Wasomaji wetu wengi wana hasira na jambo hili, na tunawaelewa. Wanasema ni wizi wa kistaarabu: simu nzima, umeitolea jasho, halafu mtu aliyekaa ofisini nchi nyingine anabonyeza kitu na simu yako inakuwa tochi. Wengine wanasema acheni kulalamika, dunia inakwenda mbele, nunua mpya.

Sisi tuko katikati, na tunasema kwa nini. Kampuni ya pesa ikikubali kila simu iliyooza, mwizi atapita hapo, na wa kwanza kuibiwa ni sisi wenye akiba ndogo tusio na mwanasheria. Kwa hiyo kufunga mlango hatukupingi. Tunachopinga ni kufunga bila kupiga hodi. Programu inajua miezi mingi kabla kwamba simu yako iko karibu na mpaka. Inaweza kukwambia kwa Kiswahili, au hata kwa Kiarabu au Kiingereza chepesi: baada ya tarehe fulani hutaweza kutuma pesa kwa simu hii, jiandae. Kumwacha mtu agundue Ijumaa jioni mwenye ada mkononi ni dharau.

Na mtengenezaji hatumdai simu iishi milele. Hata sufuria inatoboka. Tunamdai tarehe, iandikwe kwenye boksi kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama dukani. Kama anaweza kuitangaza kwa ajili ya London, anaweza kuiandika na kwa ajili ya Ruwi na Kariakoo.

Mpaka watakapofanya hivyo, kazi ya kuuliza ni yetu. Ukiwa dukani sema hivi tu: "Masasisho ya usalama ya simu hii yanaisha mwaka gani?" Muuzaji asipojua, mwambie aitafute mbele yako. Wateja kumi wakiuliza, wa kumi na moja atakuta stika imebandikwa.

Usiku huu kabla hujalala chukua dakika mbili. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha gusa toleo la Android. Hapo utaona tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Kama ni ya miezi michache iliyopita, lala salama. Kama ni ya miaka miwili au mitatu nyuma, na simu inasema hakuna sasisho jipya, basi imeisha, hata kama inawaka. Kwenye iPhone ingia Settings, halafu General, halafu Software Update, uone kama bado inapewa matoleo mapya. Andika ulichokiona kwenye daftari lako la akiba, na leo hii anza mfuko wa simu.

Dada yetu wa Muscat alikwenda dirishani Ijumaa iliyofuata na bataka yake. Salio lililokuwa limebaki alilipata lote. Zile riali 95 hazijarudi mpaka leo, ingawa malalamiko yake yamepokelewa na ana namba ya kumbukumbu. Alikaa wiki sita akitumia dirisha tu, akaweka akiba, ndipo akanunua simu nyingine. Alitutumia picha ya risiti. Chini ya jina la modeli, muuzaji alikuwa ameandika kwa kalamu: 2030.

"Nilimwambia siondoki bila mwaka," alisema.